Jiwe Alilochonga Baba Jumamosi

Baba yangu alikuwa mchonga mawe ya kusagia, na kwa kazi hiyo alilisha watoto sita. Siku hizi nikisema hivyo vijana wanatabasamu, kana kwamba nimesema alikuwa akiokota kuni. Hawajui. Aliyewahi kusaga mtama kwa mikono yake anajua kwamba jiwe baya linamwaga mchanga, na ugali wenye mchanga ni ugomvi wa nyumba nzima. Wanawake waliondoka kwao alfajiri, wengine kutoka vijiji vya njia ya Ushirombo, wakaja kuchukua jiwe la baba pamoja na mtoto wake, yaani lile dogo la kushika mkononi, wakarudi nayo kichwani.

Mawe hayo aliyatoa kwenye kilima kimoja nyuma ya kijiji chetu, mwendo wa saa moja kutoka kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita. Aligonga mwamba, akainamisha sikio. Mwamba ukilia kama kengele, alianza kazi. Ukilia kama chungu chenye ufa, aliuacha na hakuurudia. Hakuchonga kwa chuma. Alichonga kwa jiwe gumu lenye mistari myeusi na myekundu, lililopatikana kileleni mwa kilima hichohicho.

Na huko kileleni, katikati ya majani, kulikuwa na mawe mengine. Mengine yalikuwa makubwa kama kiganja, yamechongwa pande zote mbili mpaka yakawa na umbo la jani. Mengine yalikuwa vibanzi vidogo vyenye makali, maelfu kwa maelfu. Pale kijijini watu waliyaita meno ya radi na hawakupenda kuyaingiza ndani ya nyumba. Baba aliwacheka.

"Radi haina mikono," alisema. "Haya yamechongwa na watu. Walikaa pale juu kabla yetu, walifanya kazi kama yangu, na baadhi yao walikuwa mafundi kunizidi."

Nilimsikia akisema hivyo tangu nikiwa mtoto, na sikuona kwamba ni elimu. Elimu niliyoiona mimi ilikuwa ile ya misheni, upande wa Shinyanga, ambako mjomba alinipeleka kusoma. Nilirudi na Kiswahili kilichonyooka, Kiingereza cha kutosha, na mke aliyekuwa na akili kunipita. Nikapata kazi ya ukarani wa stoo mgodini. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilipewa nyumba ya matofali yenye bati katika mistari ya nyumba za makarani, nikavaa kaptura iliyopigwa pasi, na nikaanza kujiona.

Juu ya meza yangu ya stoo nilikuwa na moja ya yale mawe ya kileleni. Baba alinipa nizuie karatasi zisipeperuke. Siku moja Mzungu mmoja aliingia kuulizia misumari. Yeye alikuwa mpimaji wa mgodi, ndiye aliyechora ramani za mashimo, nasi tulimwita Bwana Mpimaji. Akalichukua lile jiwe, akaligeuza mara mbili, akasahau misumari.

"Karani, hii umetoa wapi?"

"Kwa baba yangu, Bwana."

"Iko ingine?"

"Ziko nyingi. Kilima kizima."

Alivuta kiti akakaa. Sikuwahi kumwona Mzungu akikaa kwenye stoo yetu.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, tulipanda kilimani watu watatu: yeye, baba na mimi katikati. Baba hakuzungumza na wageni kwa lugha nyingine yoyote ila Kisukuma. Kiswahili alikisikia, kile cha sokoni, lakini hakukitumia. Bwana Mpimaji alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha tu, hivyo mambo mazito alinieleza kwa Kiingereza. Yote yalipitia kinywani mwangu.

Jumapili ya kwanza aliuliza, "Mwulize anajuaje kwamba jiwe limevunjwa na mtu, si moto wala mto."

Baba aliokota bonge la jiwe la mistari, akaligonga pembeni kwa pigo moja, kikadondoka kibanzi. Akakiweka mkononi mwa Mzungu.

"Mwambie aguse hapa nilipopiga. Pana tumbo."

Ni kweli. Upande wa ndani wa kibanzi, karibu na pale jiwe lilipopigwa, palikuwa na uvimbe laini, na kutoka hapo vilienea viduara kama vya maji ukitupa kokoto kisimani.

"Moto hauachi tumbo," baba akasema. "Moto unatoboa vishimo, kama uso wa aliyeugua ndui. Mto nao unalimenya jiwe pande zote, hauna upande unaoupendelea. Lakini mtu anapiga hapa, kisha hapa, kisha analigeuza anapiga tena. Mwambie atafute mahali ambapo mtu aligeuza jiwe. Akipaona, amemwona mtu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bwana Mpimaji aliandika katika daftari lake jeusi bila kuinua kichwa, na mimi nikajaa fahari.

Baba alimfundisha mengine mengi miezi ile. Alimfundisha kwamba jiwe lina ngozi. Jiwe lililovunjika leo linakwaruza ulimi na lina harufu kama ya baruti. Jiwe lililolala juani na mvuani vizazi kwa vizazi limefanya ngozi, nayo inang'aa kidogo bila kupakwa kitu, na makali yake yamelegea. Alimwonyesha kulamba, na Mzungu akalamba, akatema, akacheka. Alimfundisha kutazama udongo uliokwama ndani ya nyufa: ukitoka kwa mate tu, jiwe limehamishwa juzi, ukigoma, jiwe liko kwao.

Jambo moja tu hawakukubaliana, nalo ni lipi jiwe la thamani na lipi si kitu. Bwana Mpimaji alipenda yale makubwa yenye umbo la jani, hasa yaliyolingana kushoto na kulia. Hayo aliyafunga katika magazeti. Vibanzi alivipiga teke. Baba akiona hivyo alikuwa anakunja uso.

"Mwambie hayo mazuri hayakufanya kazi," aliniambia. "Tazama makali yake, mazima kama siku yalipochongwa. Pengine fundi alikuwa anajionyesha, au alikufa kabla ya kulitumia. Hili hapa baya ndilo lililochinja. Limeliwa upande mmoja, na hapa juu pamelainika kwa kidole cha mtu. Na hivi vibanzi ndivyo vya thamani kuliko vyote. Vikiwa pamoja hivi, maana yake fundi alikaa hapa hapa, miguu ameiweka hivi. Ukivitawanya, umemfukuza."

Bwana Mpimaji alisikiliza tafsiri yangu akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Vizuri sana," alisema, "lakini taka haiwezi kuwekwa kabatini."

Sikumtafsiria baba neno hilo, taka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Nilijiambia ni adabu.

Kisha Bwana Mpimaji akaanza kuyapaka mawe mafuta. Yale ya mistari yakipakwa mafuta yanawaka, nyeusi inakuwa nyeusi kweli na nyekundu inakuwa kama nyama mbichi. Siku baba alipoyaona yamepangwa barazani kwa Bwana Mpimaji, yote yanameremeta, alishika mdomo.

"Ameyafuta umri," alisema. "Sasa nani atajua lipi mzee na lipi mtoto?"

Hilo nililitafsiri. Bwana Mpimaji alisema yeye atajua, kwa sababu ameyaandika namba.

Siku chache baadaye aliomba baba amchongee jiwe moja jipya, aone hatua zake. Baba alikubali. Ilikuwa Jumamosi, nyuma ya jiko la nyumba ya Bwana Mpimaji, na mpishi aliacha sufuria motoni akaja kutazama. Baba alikaa chini, akaweka kipande cha ngozi ya ng'ombe pajani. Alianza na bonge kubwa kama kichwa cha ndama. Alipiga taratibu, kila pigo na mahali pake, na kabla ya kila pigo alisugua ukingo kwa kokoto ili usiteleze. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshika shoka la mkono lenye umbo la jani, limelingana kushoto na kulia, jembamba, mistari yake imelala mshazari tangu kwenye ncha mpaka kitakoni. Mimi niliyekulia kwake sikuwahi kuona jiwe zuri namna ile.

Bwana Mpimaji alilizungusha mkononi muda mrefu. Alimpa baba koti la kaki alilokwisha kulivaa na mfuko wa sukari, akaingia na jiwe ndani. Baba alivaa koti lile nyumbani, na mikono yake ilimpita vidole.

Mwisho wa kiangazi wakaja wageni. Walikuwa wawili, kutoka makumbusho ya nje ya nchi yetu, na mmoja wao alikuwa mtaalamu mwenye ndevu za mvi aliyetumia maisha yake yote kwenye mawe ya kale. Bwana Mpimaji alifanya karamu ya chai. Alituita baba na mimi, tusimame karibu na ngazi ikiwa wageni watataka kuuliza jambo.

Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cheupe na mawe yakapangwa juu yake. Bwana Mpimaji alianza kueleza. Nilimsikia akisema juu ya uvimbe pale panapopigwa. Nilimsikia akisema juu ya moto na vishimo vya ndui, juu ya mto usiopendelea upande, na juu ya kutafuta mahali ambapo mtu aligeuza jiwe. Maneno yalikuwa ya baba kwa mpangilio wa baba, yakitoka kwa Kiingereza kilekile nilichokichagua mimi. "Nimegundua," alisema kila mara. "Nimegundua." Hakutazama upande wetu hata kidogo.

Baba aliniuliza kwa sauti ya chini, "Anasema nini?"

"Anawaeleza mawe."

Mtaalamu alipita mezani akiokota na kurudisha. Kisha akasimama. Akaokota moja, akaenda nalo kwenye mwanga, akamwita mwenzake. Alisema hajawahi kuona kazi kama hiyo katika sehemu hizi zote. Alisema hili ndilo taji la mkusanyo mzima, na aliyelichonga, maelfu ya miaka iliyopita, alikuwa na akili na jicho la msanii. Akaomba ruhusa aondoke nalo, likachorwe na kuandikwa.

Mafuta yalimeremeta kwenye mistari iliyolala mshazari.

Baba akanishika kiwiko. "Lile ni langu," alisema. "Lile ni la Jumamosi, limechanganywa na ya kale. Wamekosea. Waambie."

Nilimtazama Bwana Mpimaji. Naye akanitazama. Hakuwa amesahau wala hakuwa amechanganya namba. Mtu aliyekaa asubuhi nzima akitazama jiwe likizaliwa halisahau. Uso wake ulikuwa umepauka kidogo, na aliinua kidevu kama anavyofanya mtu akingoja kuona utafanya nini.

Mtaalamu akauliza kwa wema kabisa, "Mzee anasema nini?"

Nikasema, "Anasema ni jiwe zuri sana."

Wote wakacheka kwa furaha, na mtaalamu akamwinamia baba kichwa.

Nimeshalaani watu wengi kwa habari hii, na nitawalaani tena kabla sijamaliza, lakini wa kwanza ni mimi. Niliogopa nini? Niliogopa bati langu. Niliogopa kaptura yangu. Karani mkuu alikuwa anastaafu, na Bwana Mpimaji alikuwa amenidokezea. Hakuna aliyenishika koo. Kulikuwa na sentensi moja ya kusema, na lugha tatu za kuisemea, nami nikaimeza.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye njia panda ya kijijini, baba alisimama.

"Hawakushtuka," alisema.

"Nani, baba?"

"Mtu akiambiwa amekosea, anashtuka. Hawa walicheka. Wewe uliwaambia nini?"

Alinitazama kidogo, akashika njia yake, akaenda.

Nilipomweleza mke wangu, aliweka chini kibuyu alichokuwa anakiosha. "Kwa hiyo baba yako amekuwa mtu wa kale," alisema. "Amekufa maelfu ya miaka iliyopita na wewe ndiye uliyemzika." Nilimkasirikia yeye kwa siku kadhaa, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Miezi ikapita. Nilipewa ukarani mkuu. Kisha, katikati ya masika, barua ikaja kutoka makumbusho. Niliijua kwa sababu barua zote za mgodi zilipita stoo na Bwana Mpimaji aliifungua na kuisoma kwa sauti ya chini akiwa amesimama mbele yangu. Huko jiwe liliposuguliwa kwa spiriti, mafuta yalitoka, na chini yake lilikuwa bichi. Halina ngozi. Makali yanakata karatasi. Kazi ya mwaka huu, waliandika, na wakauliza kwa upole ni mangapi mengine katika mkusanyo yako hivyo.

Nilingoja aseme ukweli. Kweli nilingoja. Ulikuwa ukweli mwepisi: mzee mmoja alinichongea kama mfano, nikachanganya. Hata uongo wa namna hiyo, wa kuchanganya, ningeupokea. Yeye alikunja barua akaiweka mfukoni, akasema, "Baba yako amenidanganya."

"Bwana, ulimwomba wewe. Ulikuwapo. Mpishi alikuwapo."

"Nimenunua mawe kwa nia njema," alisema, "na mzee mjanja ameniuzia ya bandia."

Aliandika barua kwa bwana mkubwa wa mgodi, na bwana mkubwa akaandika wilayani. Baba akaitwa kwenye baraza la mtemi kujibu shtaka la ulaghai. Mzee aliyekuwa akikataa kuuza jiwe la kusagia lenye ufa usioonekana kwa macho! Mzee aliyemrudisha mwanamke toka nusu ya njia, akamwambia, nipe hilo, nimelisikia vibaya ulipolitua! Huyo ndiye mlaghai.

Siku ya baraza watu walijaa. Wanawake walikuja wengi kuliko wanaume, na wengine waliacha mashamba yao katika wakati wa palizi. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, alikaa pamoja na wazee wa mtemi. Bwana Mpimaji hakuja. Alituma karatasi, na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, wakaniita mimi niisome.

Niliisoma yote kwa Kisukuma, kila neno. Kisha nikakunja karatasi, nikasema:

"Hayo ndiyo aliyoandika. Sasa nitasema niliyoyaona." Nikasema juu ya Jumamosi, ngozi ya ng'ombe, mpishi na koti la kaki. Nikasema juu ya chai na wageni. Nikasema, "Baba aliniambia waambie, na mimi sikuwaambia. Nilitafsiri uongo." Sikuwa na haya, nilikuwa na hasira iliyochelewa.

Mzee mmoja wa baraza akamwuliza baba, "Je, wewe una neno?"

Baba alisimama. Mbele yake walikuwa wameweka mawe mawili ya ushahidi yaliyotoka kwa Bwana Mpimaji, yote ya umbo la jani, yakiwa yamekwisha kusuguliwa mafuta. Aliyaokota, akalilamba moja, akalitua. Akalilamba la pili. Akawapa wazee, nao wakalamba, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamekunja nyuso.

"Hilo la kwanza ni la wale wa zamani," baba alisema. "Na hilo la pili pia. Langu ni lile lililokwenda ng'ambo, na mimi sikumwambia mtu yeyote kwamba ni la zamani. Mwongo ni yule anayelijua jiwe halafu analibadili jina."

Watu wakapiga makofi. Wazee wakanong'onezana. Mwanangwa akasimama akasema kwamba baraza halioni kosa kwa mzee huyu. Kisha akakohoa, akatoa karatasi ya pili, kutoka wilayani, iliyoandikwa kabla hatujakaa. Ilisema kwamba kwa ajili ya kuhifadhi vitu vya kale, kilima kimefungwa, na mtu yeyote asipande kuchukua jiwe lolote, liwe la kale au la kusagia.

"Sasa mmetuita kufanya nini hapa?" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Kama hukumu ilishaandikwa, sisi tumekuja kulamba mawe?"

Mwanangwa alikunja karatasi yake katikati, halafu katikati tena.

Nilimfuata baba nje. Nilitaka aniambie neno. Nilikuwa nimesema ukweli mbele ya watu, nilijua kazi yangu imekwisha, na kwa ujinga wangu nilidhani tumelipana. Alinigeukia.

"Ng'wanone," alisema, mwanangu, "leo umewaambia watu wanaonijua. Hawa hawakuhitaji kuambiwa. Siku ile ndiyo palikuwa na watu wasiojua."

Akaungana na wale wanawake, wakashika njia ya nyumbani.

Niliachishwa ukarani juma lile. Tulihama nyumba ya bati, tukajenga kibanda karibu na kwa baba, na mke wangu alifanya hivyo bila lawama, jambo lililonichoma kuliko lawama. Bwana Mpimaji hakupatwa na kitu. Nasikia baadaye alihamia Mwadui, kwenye almasi, na huko nako alikuwa na kabati la mawe sebuleni. Mpishi wake aliniambia kwamba alipohama, mawe ya namba aliyafunga kwenye masanduku, na vibanzi kapu zima, vile alivyokubali kubeba ili kumridhisha baba, vilimwagwa kwenye njia ya bustani kuzuia tope.

Baba alitafuta kilima kingine. Alipata mwamba hafifu, wenye chembe kubwa, upande wa bondeni. Alinifundisha kazi, nami nilikuwa mzito wa mkono, mtu wa thelathini na kitu anayejifunza kama mtoto. Tulichonga. Mwaka ule ndipo kwa mara ya kwanza mwanamke alirudisha jiwe kwa baba. Hakuwa na ukali. Alilitua uani, akasema, "Shikamoo baba. Samahani, watoto wanatafuna mchanga." Baba aliitikia, akalipokea, akamwambia hana jingine lililo bora. Nilimwona akikaa chini na kulitazama jiwe lile mpaka jua likahama. Nikatamani nimpate Bwana Mpimaji mkononi mwangu, nimlishe ugali ule kijiko kwa kijiko.

Kilima kilikaa kimefungwa mwaka mmoja na miezi. Palikuwa na kibao. Majani yaliota, mbuzi wakafukuzwa, na mara mbili askari wa mtemi alimkamata mwanamke aliyekwenda kuchuma mboga za porini. Nilijaribu kujipa moyo kwamba angalau wale mafundi wa kale wamebaki wamekaa pale walipokaa, na vibanzi vyao miguuni.

Halafu mgodi ukataka barabara nzuri zaidi ya malori. Barabara inataka kokoto. Asubuhi moja tulisikia mngurumo, tukatoka nje, mimi na mke wangu na baba, tukapanda. Kibao kilikuwa kimeng'olewa na kulazwa kifudifudi. Pale kileleni walikuwa wameleta mashine ya kusaga mawe, kubwa kama nyumba, ina mataya mawili ya chuma yanayofunguka na kufunga. Wanaume walikuwa wakisomba kwa makarai kila kilichokuwa juu ya ardhi, mabonge, mashoka ya jani, vibanzi, na kukitupa mdomoni mwa mashine. Upande wa pili ilitoka kokoto ya saizi moja.

Msimamizi alikuwa Mwafrika mwenzetu, kijana wa kutoka mbali, mpole. Nilimfokea kwa Kiswahili. Nilimwuliza kama anajua anachokisaga. Nilimwambia kilima hiki kimefungwa kwa amri ya wilaya, kwamba baba yangu amezuiwa kutoa hapa hata jiwe moja la kumsagia mama mjamzito mtama, kwamba watu walikaa hapa kabla ya babu wa babu yake. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nimepewa karatasi. Inasema hapa kuna mawe tu."

Mke wangu alinishika mkono kunizuia nisimpige. Sijui kama ningempiga. Nafikiri ndiyo.

Baba hakuwa ametusikiliza. Alikuwa amesogea karibu na mashine, ameinamisha sikio, akiwa ndani ya koti lake la kaki. Alisikiliza kwa muda. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamsikia akisema Kiswahili kwa mgeni, cha kukatikakatika, cha sokoni.

"Hii jiwe ya mstari," alimwambia msimamizi, "ngumu kuliko chuma yako. Itavunja meno ya mashine."

Kijana akacheka kwa heshima, akasema asante mzee.

Mataya yalipasuka wiki ya tatu. Wakaleta mengine kwa lori kutoka Mwanza, mazito zaidi, na kazi ikaendelea mpaka kilima kikaisha.